Saa 600 za muhula mmoja: kisa cha mwalimu wa Newala anayesoma shahada kwa simu

Mhusika wa kisa hiki ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Newala, mkoani Mtwara. Ana umri wa miaka thelathini na kitu, ana mume na watoto wawili, na upande wa mume kuna mikorosho ya urithi. Alianza kazi na cheti, akajiendeleza hadi stashahada, na mwaka wa masomo 2023/24 akajisajili kusoma shahada ya ualimu katika chuo kinachofundisha kwa mtandao. Jina lake, kijiji na chuo nimeviacha. Humu nitamwita Mwalimu, kama wanavyomwita kijijini.

Muhula wa kwanza alijisajili masomo matano. Alifaulu mawili, mawili akapata sapu, yaani mtihani wa marudio, moja hakuingia kabisa kwenye chumba cha mtihani. Mwalimu mkuu wake, ambaye anampenda na hakuwa na nia mbaya, alimwambia: "Mama, mshika mawili moja humponyoka. Tulia kwanza, watoto wakue." Mume wake alisema tatizo ni bando, basi waongeze bando. Vijana wa steshenari ya mjini, wanaomchapia kazi zake, walisema tatizo ni minara ya simu. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuamini kwamba tatizo ni kichwa chake.

Alipokuja kwangu kuomba ushauri alikuwa na njia tatu mbele yake: aendelee hivyohivyo kwa kujikaza, aombe ruhusa ya masomo akasome ana kwa ana, au aache. Nimewasikiliza walimu, wauguzi na maafisa ugani wengi wa huku kusini wakiwa kwenye njia panda hiyohiyo, na karibu kila mara mazungumzo huanza na kuishia kwenye intaneti. Safari hii tuliiweka intaneti pembeni, tukaanza na saa.

Hesabu ya saa

Kazi ya mwanafunzi wa chuo kikuu nchini, kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), hupimwa kwa krediti. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na humo ndani kuna kusikiliza mhadhara, kusoma, kufanya kazi za kuandika na kujiandaa na mtihani. Mwaka mmoja wa shahada una krediti 120. Shahada ya miaka mitatu ina 360.

Masomo ya Mwalimu yalikuwa ya krediti 12 kila moja, yaani saa 120 kwa somo. Matano ni saa 600. Ukizigawa kwa wiki 17 za muhula, mitihani ikiwemo, unapata saa 35 kwa wiki. Hiyo ni karibu kazi nyingine nzima ya mwajiriwa, juu ya kazi aliyonayo.

Nikamwomba anipitishe kwenye wiki yake ya kawaida ya Novemba. Anaamka saa 11 alfajiri. Saa 1 asubuhi yuko shuleni, na hapo ana darasa la tatu lenye watoto wengi kuliko madawati. Anatoka saa 9 alasiri, wakati mwingine saa 10. Akifika nyumbani kuna maji: Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, maji yake tangu zamani yako chini mabondeni, na bomba likikaa kimya ndoo inatafutwa mbali au inanunuliwa. Kisha chakula cha jioni. Na Novemba ni korosho. Zinaanguka zenyewe, na zikishaanguka haziwezi kungoja wikendi. Lazima ziokotwe, zitenganishwe na mabibo, zianikwe, zichambuliwe kabla ya kupelekwa ghala la chama cha msingi. Jumamosi nzima na Jumapili baada ya kanisa zinakwenda huko.

Saa ya masomo ilianza pale watoto walipolala, saa 3 usiku, ikaisha saa 5 usingizi ulipomshinda. Siku tano za wiki ni saa 10. Jumamosi jioni alikuwa akiiba saa nyingine tano, akijitahidi sana. Jumla saa 15 kwa wiki.

Saa 15 kwa wiki 17 ni saa 255. Somo moja ni saa 120. Kwa hiyo muda aliokuwa nao ulitosha masomo mawili, na alifaulu masomo mawili.

Nilipomwonyesha hesabu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe sikufeli. Nilijisajili vibaya." Nadhani ndivyo ilivyokuwa, na inaniuma kwamba hakuna mtu wa chuo aliyekaa naye dakika ishirini kufanya hesabu hii siku ya usajili. Fomu ya kwenye mfumo ilikuwa na masomo matano tayari, akabonyeza, ikakubali.

Hapa ndipo gharama kubwa ya masomo ya mtandaoni inapojificha. Chuo kikiwa na darasa, ratiba na bweni, kinamlazimisha mwanafunzi na familia yake kutenga muda, kwa sababu mtu ameondoka nyumbani na kila mtu anajua ameondoka. Akisoma kwa simu akiwa jikoni kwake, hakuna aliyemwona akiondoka. Mgeni akija anapokelewa, msiba ukitokea anakwenda kupika, mtoto akiumwa yeye ndiye anayekesha. Muda wa masomo unakuwa ni ule uliobaki baada ya watu wote kuhudumiwa. Kwa wanawake mzigo huu ni mzito zaidi, na mwanamke anayesoma hivi anaweza kumaliza mwaka mzima bila mtu wa nyumbani kwake kujua kwamba ana mtihani wiki ijayo.

Bando, na kile chuo kingeweza kufanya bure

Mume hakukosea kabisa. Bando lilikuwa tatizo, ila chanzo chake hakikuwa Newala.

Kila somo lilikuwa na kipindi cha moja kwa moja cha saa mbili kwa wiki, kwa picha. Masomo matano kwa wiki 15 za kufundishwa ni saa 150. Mkutano wa kundi kwenye Zoom, picha zikiwa zimewashwa, hula takriban MB 800 kwa saa na zaidi. Saa 150 zinafika GB 120. Tukichukua shilingi 2,000 kwa GB moja ili hesabu iwe nyepesi, muhula mmoja unakula shilingi 240,000 kwa bando peke yake, na hapo hujagusa ada.

Mhadhara uleule ukirekodiwa kwa sauti tu na kubanwa kwa kiwango cha kawaida, saa moja ni takriban MB 30. Saa 150 ni GB 4.5. Kwa bei ileile ni shilingi 9,000. Slaidi za mhadhiri zikitumwa pembeni kama faili, zinaongeza kidogo mno.

Kutoka 240,000 hadi 9,000, na mwalimu anayefundisha ni yuleyule. Katika vipindi vingi mhadhiri alikuwa akisoma slaidi, uso wake ukiwa kwenye kona ya skrini. Wanafunzi wa kando ya Ruvuma walikuwa wanalipia picha ya uso huo. Halafu mfumo ambao vyuo vingi hapa nchini vinautumia, Moodle, una programu ya simu inayoruhusu mtu kupakua somo akiwa mahali penye mtandao mzuri na kulisoma baadaye bila intaneti. Mwalimu hakuwa ameambiwa. Alikuwa akifungua kila kitu kwa kivinjari, kila mara upya.

Kuna gharama nyingine ndogo inayochosha kuliko fedha zake. Kazi za kuandika za maneno elfu mbili haziandikiki vizuri kwa simu. Alikuwa anaandika kwa mkono kwenye daftari, anampa dereva wa bodaboda ampelekee steshenari ya Newala mjini, kijana wa pale anachapa kwa malipo ya kila ukurasa, faili linarudi WhatsApp. Kazi moja ilirudi ikiwa na majina ya waandishi yamekosewa kila mahali, na tarehe ya mwisho ilikuwa usiku uleule. Aliipakia hivyohivyo. Alipewa alama pungufu kwa "uzembe wa kunukuu".

Ada na kangomba

Hili ni la huku kwetu na sijaona likijadiliwa popote elimu ya mtandaoni inaposifiwa. Ada ya muhula wa kwanza inadaiwa mwanzoni mwa muhula, mwezi wa 10 au 11. Korosho zinauzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, na minada nayo huanza mwezi wa 10. Lakini mkulima akishapeleka mzigo ghalani anasubiri mnada, kisha anasubiri malipo yapite chama kikuu na benki hadi yamfikie. Pengo la wiki chache tu, ila ada inadaiwa ndani ya pengo hilo.

Mtu aliyebanwa na tarehe anajua njia ya mkato: kangomba. Anakuja mnunuzi usiku na fedha taslimu na kipimo chake, bei ni ya kuumiza, na sheria inakataza. Mwalimu na mume wake walifikia hatua ya kuzungumza na mtu kabla ndugu mmoja hajawakopesha. Kama wangeuza, hasara ile ingekuwa gharama ya masomo kama ilivyo ada, japo haingeonekana kwenye risiti yoyote. Chuo kinachotaka wanafunzi wa Mtwara na Lindi kinapaswa kujua fedha za Mtwara na Lindi zinatoka lini. Kusogeza tarehe ya ada hadi Januari kwa wanafunzi wa ukanda wa korosho hakupunguzi shilingi hata moja ya chuo.

Badala ya nini?

Mtu anayepima faida na hasara za masomo ya mtandaoni lazima ajiulize kwanza: yanachukua nafasi ya kitu gani? Jibu likibadilika, hesabu yote inabadilika.

Kuna utafiti wa Marekani wa 2017 ambao unapaswa kuwatisha wanaosema mtandao na darasa ni kitu kimoja. Watafiti waliangalia chuo cha DeVry, ambako somo lilelile lilifundishwa kwa njia mbili, mtaala ukiwa uleule. Waliosoma kwa mtandao walishuka alama 0.44 kwenye kipimo cha 4, na walioumia zaidi ni wale waliokuwa na alama ndogo tangu awali. Maana yake, mwanafunzi ambaye angeweza kukaa darasani, ukimhamishia kwenye skrini, umempunguzia kitu. Na kozi za bure zilizo wazi kwa dunia nzima zina habari mbaya zaidi: uchambuzi wa 2019 wa kozi za Harvard na MIT ulikuta kwamba katika mwaka wa 2017/18 ni takriban asilimia 3 tu ya waliojiandikisha ndio waliomaliza.

Lakini Georgia Tech, pia Marekani, ilipoanzisha mwaka 2014 shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta kwa mtandao kwa takriban dola 7,000, watafiti walifuatilia waombaji wake. Waligundua kwamba wengi waliojiunga wasingesoma popote kama programu ile isingekuwepo. Walikuwa watu wazima wenye kazi. Haikuwatoa wanafunzi darasani. Iliwaingiza chuoni watu waliokuwa nje.

Mwalimu wetu ni wa kundi hili la pili. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama yeye, enzi ambazo masomo yalisafiri kwa vitabu na posta, kabla simu ya mkononi haijafika kijijini. Swali halikuwa kama angejifunza vizuri zaidi akiwa ukumbini. Naamini angejifunza vizuri zaidi. Swali lilikuwa kama ukumbi huo ulikuwa unapatikana kwake.

Tuliipima njia ya ruhusa ya masomo kwa uzito wote, kwa sababu si lazima kusoma ana kwa ana kuwe ni kuhamia Dar es Salaam. Mtwara mjini kuna STEMMUCO (Stella Maris), chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), na ualimu unafundishwa pale. Ila ruhusa inategemea mpango wa mafunzo wa halmashauri, na waliotangulia kwenye foleni walikuwa wengi. Angehitaji kupanga chumba Mtwara, watoto ama awachukue ama awaache kwa bibi yao, na miaka mitatu ya msimu wa korosho imwangukie mume peke yake.

Kuna na upande wa shule, ambao ndio ulionishawishi zaidi. Akiondoka, darasa lake la tatu halipati mwalimu mwingine. Linagawanywa kwa waliobaki. Akisoma akiwa pale pale, watoto wale wanabaki naye. Na alinipa mfano ambao sijausahau. Katika somo moja kati ya yale mawili aliyofaulu kulikuwa na mada ya kufundisha kusoma kwa kutenganisha sauti za herufi. Aliisoma Jumanne usiku. Jumatano asubuhi aliijaribu kwa watoto wanne wa nyuma waliokuwa bado wanakariri silabi bila kuzitambua. Wiki mbili baadaye wawili kati yao walisoma ubao. Mwanafunzi wa bwenini anaisubiri nafasi hiyo hadi wakati wa mazoezi ya kufundisha.

Faida yake mwenyewe iko wazi. Katika TGTS, ngazi za mishahara ya walimu wa serikali, mwenye stashahada yuko C, wa shahada yuko D. Kupanda si kwa siku moja. Kuna kubadilishiwa muundo wa utumishi, na wapo waliosubiri muda mrefu baada ya kupeleka cheti. Kwa hiyo nilimsihi asipange maisha kwa mshahara ambao haujaja.

Uamuzi

Aliamua kuendelea, kwa kasi ambayo saa zake zinaimudu. Muhula wa korosho masomo mawili, muhula unaofuata matatu. Matano kwa mwaka. Shahada yenye masomo 30 itamchukua miaka sita badala ya mitatu, na kanuni za chuo chake zinaruhusu. Miaka sita ni mingi, hakuificha huzuni yake. Lakini miaka mitatu ilikuwepo kwenye karatasi tu.

Jambo la pili lilikuwa gumu kuliko hilo: kukaa na mume na mama mkwe na kuwaomba saa. Alizitaja kwa majina, Jumatatu hadi Alhamisi saa 2 hadi saa 4 usiku, na Jumamosi asubuhi. Mama mkwe aliuliza, "Na maji je, mwanangu?" Wakakubaliana mume achukue zamu ya maji siku hizo. Kijijini mwanaume kuonekana na ndoo bado ni habari, na watu walisema. Alibeba.

Jumamosi asubuhi aliitumia na wenzake wanne, wawili wa Newala na wawili wa Tandahimba, wanaosoma chuo kimoja. Wanakutana kwenye kituo cha walimu mjini, mmoja anapakua sauti na faili za wiki nzima, wengine wanahamishiwa kwa simu bila kutumia bando. Kisha wanabishana juu ya walichosoma. Naona hapa ndipo kitu kikubwa zaidi kiliporudi, kwa sababu ana mtu anayejua kwamba wiki hii hakusoma. Akikosa, mmoja anapiga simu: "Mwalimu, mbona kimya? Mzima?" Chuo hakikuwahi kumpigia.

Mei 2024 ilikuja kuwapima wote. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, mafuriko yakaikata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga, Kilwa. Jirani yao anayesoma chuo cha Dar es Salaam, aliyekuwa amekuja kwenye msiba, akakwama upande huu vipindi vikiendelea bila yeye. Mwalimu hakupoteza hata kipindi. Siku nane baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikadorora nchi nzima. Waliokuwa wanategemea vipindi vya moja kwa moja walikaa wakitazama duara likizunguka. Kundi la Newala lilikuwa na sauti za wiki mbili kwenye kadi za kumbukumbu, likaendelea.

Mitihani ya mwisho inafanyika kituoni Mtwara, ana kwa ana, na licha ya nauli na malazi namshauri mtu yeyote asilalamikie hilo. Siku hizi kazi ya nyumbani inaweza kuandikwa na mashine au na kijana wa steshenari, na cheti cha mtandaoni kinaheshimiwa kwa kadiri watu wanavyoamini kwamba mwenye jina ndiye aliyekaa kwenye kiti.

Katika masomo matatu ya muhula wa pili alifaulu yote, moja kwa kupenya. Sapu mbili za mwanzo alizifanya, moja ameivuka, nyingine atairudia pamoja na somo ambalo hakulifanyia mtihani. Mhadhiri mmoja, baada ya kundi lao kumwandikia barua yenye hesabu ya MB, ameanza kuweka sauti pembeni ya video. Wengine bado. Ombi la kulipa ada Januari, baada ya fedha za minada, walilipeleka kwa maandishi kupitia kituo cha mkoa, na hadi naandika haya wanasubiri jibu.